Mashimo meusi majitu yakiwa mawili, gesi inaingiaje?

Tuanze na hili, maana likikosewa mengine yote yanapinda: shimo jeusi halifyonzi vitu ovyo kama watu wengi wanavyodhani. Ukiliondoa Jua sasa hivi ukaweka mahali pake shimo jeusi lenye uzito uleule, Dunia itaendelea kuzunguka palepale, mwaka utabaki na siku zilezile, tutaganda kwa baridi ndiyo lakini hatutatumbukia. Kinachoizuia Dunia isianguke ni mwendo wake wa pembeni, na mwendo huo ndo kikwazo cha kila kitu kinachotaka kuingia kwenye shimo jeusi, iwe gesi, vumbi au nyota nzima. Mvutano upo wa kutosha, hilo halina ubishi, ila kitu kinachozunguka hakishuki mpaka kwanza kipunguze mzunguko wake, na kwenye fizikia mzunguko haupotei hewani, lazima mwingine aupokee. Wataalamu wanauita momenta ya mzunguko. Chukulia ni mzigo wa kichwani, huwezi kuutua mpaka apatikane wa kukupokea, na huko angani hamna ardhi ya kuuweka.

Nimeanza hapo kwa sababu mashimo meusi makubwa yakiwa mawili, yanazungukana katikati ya galaksi moja huku gesi inayamiminikia, karibu kila swali utakalouliza, lipi linakula zaidi, kwanini mwanga wake unapanda na kushuka, yataungana lini, jibu lake linarudi kwenye mzigo huo na nani kaupokea kwa nani. Na raha ya mada hii ni kwamba baadhi ya majibu bado yanabishaniwa vikali hadi leo, tena na watu waliobobea.

Kwanza tuelewane kwenye ukubwa. Katikati ya galaksi yetu ya Njia Nyeupe kuna Sagittarius A*, lina uzito wa Jua mara milioni 4 na ushee. Lile la galaksi ya M87, ambalo picha yake ilitoka mwaka 2019 ikasambaa dunia nzima, lina uzito wa Jua mara bilioni 6.5. Njia rahisi ya kukumbuka: kila uzito wa Jua mmoja unalipa shimo nusu kipenyo cha kilomita 3 hivi. Kwa hiyo shimo la majua milioni 100, ambalo ndo nitalitumia kama mfano kuanzia hapa, lina nusu kipenyo cha kilomita milioni 300, yaani ukiliweka pale Jua lilipo mpaka wake unapita obiti ya Utaridi, Zuhura, Dunia na hata Mirihi. Kwetu ni dubwana. Kwa galaksi yenye upana wa miaka nuru laki moja ni nukta tu, na gesi inayoanguka kutoka mbali haiwezi kuilenga nukta hiyo moja kwa moja, inapita pembeni, inapinda, inagongana na gesi nyingine, mwishowe inatulia kwenye umbo bapa linalozunguka ambalo tunaliita diski.

Ndani ya diski, gesi iliyo karibu na shimo inazunguka haraka kuliko iliyo mbali. Kukiwa na kitu cha kuzishikanisha hizo mbili, ya ndani inavutwa nyuma na ya nje inasukumwa mbele, kwa hiyo ya ndani inatua mzigo na kushuka, ya nje inaupokea na kusogea nje. Sasa kitu gani kinazishikanisha? Msuguano wa kawaida wa gesi ni mdogo mno, hautoshi hata kidogo. Nikolai Shakura na Rashid Sunyaev mwaka 1973 waliamua kuweka namba moja tu, alfa, kuwakilisha msuguano ambao chanzo chake hakikujulikana, na hesabu zao zikafanya kazi vizuri ajabu. Chanzo chenyewe kilikuja kueleweka vizuri mwaka 1991 pale Steven Balbus na John Hawley walipoonyesha kwamba ni sumaku: uga wa sumaku unaopita kwenye gesi unaunganisha tabaka la ndani na la nje, la ndani likikimbia uga unanyooshwa, ukinyooshwa unavuta zaidi, na kadri unavyovuta ndivyo tabaka hizo zinavyozidi kuachana, mpaka gesi yote inageuka vurugu. Vurugu hiyo ndo inafanya kazi ya msuguano.

Gesi inaposhuka inachemka na kung'aa, na hapa ndo watu wengi wanashangaa. Nyuklia za haidrojeni zikiungana kuwa heli, kama zinavyofanya ndani ya Jua, zinageuza asilimia 0.7 tu ya uzito wake kuwa nishati. Gesi inayoshuka kwenye shimo jeusi lisilojizungusha inatoa kama asilimia 6, na shimo likijizungusha kwa kasi ya juu kabisa inaweza kufika asilimia 42. Lile shimo letu la majua milioni 100 likila kama majua mawili kwa mwaka linang'aa kuliko majua trilioni 3, hiyo ndo kwasari, na halili zaidi ya hapo kirahisi kwa sababu mwanga wenyewe unaanza kuisukuma gesi irudi ilikotoka.

Hiyo ni kwa shimo moja. Tuje kwenye mawili.

Yanakutanaje

Galaksi zinagongana na kuungana, ni jambo la kawaida kabisa kwenye historia ya ulimwengu, na karibu kila galaksi kubwa inakuja na shimo lake katikati. Mwaka 1980 Mitchell Begelman, Roger Blandford na Martin Rees waliandika kwenye jarida la Nature safari nzima ya mashimo hayo mawili tangu galaksi zinapoungana, na mpaka leo watafiti wanapita njia hiyohiyo waliyoichora.

Hatua ya kwanza ilishaelezwa na Subrahmanyan Chandrasekhar tangu 1943. Shimo zito linakatiza katikati ya nyota, linazivuta, nyota zinajikusanya nyuma yake na mkusanyiko ule unalivuta lirudi nyuma, kwa hiyo linapunguza mwendo na kushuka kuelekea katikati. Galaksi ya NGC 6240 iko kwenye hatua hiyo, darubini ya eksirei ya Chandra iliona mashimo mawili ndani yake, yote yanakula, yametengana kwa miaka nuru kama 3,000.

Yakisogeleana vya kutosha yanashikana kwenye obiti moja, na hapo kila nyota inayokatiza karibu inarushwa nje kwa kasi kubwa, ikiondoka na sehemu ya mzunguko wa yale mawili. Shida ni kwamba nyota za kurusha zinaisha. Ukanda unabaki mtupu na mashimo yanaweza kukwama kwenye umbali wa kama paseki moja, ambayo ni miaka nuru 3.26, ndo maana watu wanaliita tatizo la paseki ya mwisho.

Mbele ya hapo kuna mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe inayotolewa na vitu vizito vinavyozungukana, yenyewe yanachukua mzunguko na kuondoka nao moja kwa moja. Lakini mawimbi haya yana masharti makali. Philip Peters alionyesha mwaka 1964 kwamba muda wa kuungana unategemea umbali kwa kipeo cha nne, yaani ukiongeza umbali mara kumi muda unaongezeka mara elfu kumi. Ebu tuwekee namba: mashimo mawili ya majua milioni 100 kila moja, yakiwa yametengana kwa paseki 0.01, yataungana ndani ya miaka kama milioni 3, muda mfupi tu kwa vipimo vya anga. Yaweke kwenye paseki 0.1, yanahitaji miaka bilioni 29. Kwenye paseki moja ni miaka trilioni 290. Ulimwengu mzima una miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo kati ya paseki moja na sehemu ndogo ya paseki kuna kipande ambacho mawimbi hayawezi kusaidia, lazima kuwe na mwingine wa kupokea mzigo. Nyota zinaweza kuendelea kuletwa kama galaksi haina umbo la mviringo kamili, na galaksi zilizotoka kuungana mara nyingi hazina. Shimo la tatu linaweza kufika na galaksi nyingine. Au gesi. Na gesi ndo yenye mambo.

Pengo katikati ya diski

Tubaki na jozi yetu ya paseki 0.01. Umbali huo mwanga unaukata kwa siku 12. Yanamaliza mzunguko mmoja kwa miaka 6.6, na kila shimo linakimbia kama kilomita 4,650 kwa sekunde, asilimia moja na nusu ya kasi ya mwanga. Gesi ya galaksi ikishuka inatengeneza diski kubwa inayoyazunguka yote mawili kwa pamoja.

Gesi ya ukingo wa ndani wa diski hii inazunguka polepole kuliko mashimo yenyewe, kwa sababu iko mbali zaidi. Kwa hiyo kila yanapopita yanaipa msukumo wa mbele, gesi inapokea mzigo badala ya kuutua, na kwa kupokea inasogea nje. Matokeo yake katikati panabaki pengo, uwazi wenye nusu kipenyo cha kama mara mbili ya umbali kati ya mashimo. Yaani jozi inajizibia mlango wa chakula yenyewe kwa kule kuzungukana tu.

Kwa muda mrefu watu waliona hilo ndo jibu lote, kwamba jozi inakaa na njaa huku gesi imesimama nje. Pawel Artymowicz na Stephen Lubow mwaka 1996 wakiwa wanachunguza nyota pacha changa, siyo mashimo meusi, wakaonyesha kwamba pengo halifungi kabisa: gesi inapenya kwa mikondo myembamba. Simulesheni, yaani majaribio ya kompyuta, za miaka iliyofuata zikaja kuonyesha kitu cha kushangaza zaidi, kwamba mikondo ile inaweza kupitisha gesi karibu sawa na ambayo shimo moja tu lenye uzito wa yote mawili lingekula.

Inafaa kuufuata mkondo mmoja taratibu. Shimo linapita karibu na ukingo wa pengo, linanyofoa kipande cha gesi, kipande kinanyooka kuwa uzi mrefu uliopinda unaoanguka ndani kwa kasi kubwa. Sehemu ya uzi ule inanaswa, inajizungusha kwenye shimo na kuingia kwenye diski ndogo ambayo kila shimo linayo ya kwake. Diski ndogo hii haiwezi kukua kupita kama theluthi moja ya umbali kati ya mashimo, maana shimo jirani litaivuta na kuikata. Sehemu iliyobaki, na mara nyingi ndo kubwa, haijanaswa, inapita kando ya shimo, inapewa msukumo na kurushwa nje kwa nguvu mpaka inakwenda kuugonga ukingo wa pengo upande wa pili. Pale inapogonga gesi inajazana, mzunguko unaofuata inagonga tena karibu na palepale, na polepole linatokea donge, sehemu moja ya ukingo iliyo nzito kuliko nyingine. Pengo lenyewe linapoteza umbo la duara, linavutika kuelekea upande mmoja. Donge linazunguka taratibu, linamaliza raundi moja wakati mashimo yameshazungukana kama mara tano, na kila shimo likipita karibu na donge linanyofoa zaidi. Kwa hiyo ulaji unapanda na kushuka kwa mapigo mawili yaliyopishana: pigo la haraka linalofuata obiti ya jozi, na pigo la taratibu la donge, ambalo kwa jozi yetu lingechukua miaka zaidi ya 30.

Na lipi linakula zaidi? Ungedhani kubwa. Kumbe kwa sehemu kubwa ni dogo, maana lile zito linakaa karibu na kitovu na kutikisika kidogo tu, wakati dogo linazunguka mbali na kitovu, karibu na ukingo ambapo gesi iko, kwa hiyo linaiwahi mikondo. Likiendelea hivyo muda mrefu uzito wa mawili unaelekea kulingana. Ila dogo likiwa dogo sana, chini ya asilimia chache za mwenzake, picha inabadilika, hamna pengo kubwa tena, linabaki linachimba njia yake ndani ya diski kama sayari changa inavyofanya kwenye diski ya nyota yake.

Kuna hali nyingine ambayo naona haizungumzwi inavyostahili: gesi inaweza kuja ikizunguka kinyume na jozi. Hapo hesabu inageuka juu chini. Mzunguko wa gesi na wa mashimo unafutana, pengo kubwa halitokei na jozi inasogeleana haraka. Gesi ya galaksi zilizogongana inaweza kuingia kwa mafungu mafungu kutoka pande tofauti, kwa hiyo hali hii haitakiwi kuwekwa pembeni kama kitu cha ajabu.

Gesi inayasogeza au inayatenganisha?

Hapa ndo penye ubishi wenyewe, na mimi naona ndo sehemu nzuri kuliko zote. Kwa miaka mingi jibu la vitabuni lilikuwa rahisi: jozi inatoa mzunguko kuipa diski, kwa hiyo jozi inapungua, gesi inasaidia kuvuka paseki ya mwisho, mambo yameisha. Halafu kuanzia 2017 mpaka 2019 makundi kadhaa yakaanza kufanya simulesheni zinazoona mpaka ndani ya pengo, mpaka kwenye zile diski ndogo, badala ya kukata sehemu ya katikati ili kuokoa muda wa kompyuta, na baadhi yao wakapata kinyume chake. Gesi inayoanguka ndani inakuja na mzunguko wake, na namna inavyojipanga kuyazunguka mashimo inayasukuma mbele kuliko diski ya nje inavyoyavuta nyuma. Mashimo yenye uzito sawa kwenye obiti ya duara yalikuwa yanaachana! Watu walishtuka, maana kama gesi inatenganisha basi tatizo la paseki ya mwisho linakuwa gumu maradufu.

Lakini angalia unene wa diski. Simulesheni nyingi hutumia diski ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya umbali wake kutoka katikati, kwa sababu diski nyembamba zaidi inakula muda mwingi sana wa kompyuta. Diski halisi za kwasari zinakadiriwa kuwa nyembamba kuliko hapo, mara kumi na hata zaidi ya hapo. Mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba ukiipunguza diski unene kufikia kama sehemu 4 za mia, matokeo yanageuka na jozi inaanza tena kusogeleana, kwa sababu kwenye diski nyembamba gesi inayobaki kwenye ukingo na mikondoni inavuta nyuma kwa nguvu zaidi. Ukiongeza na umbo la obiti, kama imevutika badala ya kuwa duara, jibu linabadilika tena. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa ujumla tu kwamba gesi inayasogeza au inayatenganisha, muulize diski ina unene gani, obiti ina umbo gani, na uzito wa mawili umepishana kiasi gani. Kwa maoni yangu kwa mashimo mazito yenye diski nyembamba uzito wa ushahidi unaelekea kwenye kusogeleana, ila ni maoni yaliyosimama juu ya simulesheni ambazo bado hazijafikia wembamba wa kweli wala kuweka mwanga na sumaku vyote kwa pamoja.

Tunayaonaje

Umbali wa siku 12 za mwanga ndani ya galaksi iliyo mabilioni ya miaka nuru kutoka hapa darubini za kawaida haziwezi kuutenganisha. Jozi iliyobanana kuliko zote ambazo zimeonekana bila ubishi mkubwa kama nukta mbili kwenye picha ya redio ni ya galaksi inayoitwa 0402+379, ilitangazwa mwaka 2006, na yenyewe imetengana kwa miaka nuru 24, ikizungukana kwa kama miaka elfu 30. Zilizo ndani zaidi ya hapo inabidi tuzitafute kwa mwanga unaopanda na kushuka.

Sababu za mwanga kucheza ziko kadhaa na hazifanani. Ya kwanza ni ulaji wa mapigo niliyoeleza, mikondo inaingia kwa zamu na inapogonga diski ndogo inachemka mpaka kutoa eksirei. Ya pili haihitaji ulaji kubadilika kabisa: shimo likija kwetu kwa kasi mwanga wa diski yake unaongezeka, likienda mbali unapungua, kwa jozi yetu ni tofauti ya asilimia chache tu lakini inakuja kwa mpangilio safi wa wimbi. Ya tatu ni shimo moja kupita mbele ya jingine na mvutano wake kuukuza mwanga wa nyuma kwa muda mfupi. Zaidi ya hapo, kukiwa na pengo kwenye diski, gesi ya joto fulani inakosekana, na kwenye mwanga wa kawaida na urujuanimno panatakiwa kuonekana upungufu.

Kati ya zinazodhaniwa kuwa na jozi, galaksi ya OJ 287 ndo maarufu kuliko zote. Kumbukumbu zake kwenye sahani za picha zinarudi mpaka mwishoni mwa karne ya 19, na zinaonyesha milipuko ya mwanga kila kama miaka 12. Maelezo yaliyotawala yalisema kuna shimo la majua bilioni 18, na dogo la milioni 150 linatoboa diski ya lile kubwa mara mbili kila mzunguko. Modeli hiyo ilitabiri mlipuko wa mwishoni mwa Julai 2019 na darubini ya Spitzer ikauona ndani ya saa chache za utabiri, jambo la kuheshimiwa sana. Halafu mlipuko uliotabiriwa kwa Oktoba 2022 haukuonekana, na kundi la Stefanie Komossa likakadiria kwamba shimo kubwa lina majua milioni 100 tu hivi. Bilioni 18 na milioni 100 ni tofauti ya mara 180, hapo hamna cha kupatanisha kirahisi, mmoja lazima atakuwa amekosea pakubwa.

Kwasari ya PG 1302-102 ilitangazwa mwaka 2015 ikiwa na wimbi la miaka 5.2, na mwanga wake wa urujuanimno ulikuwa unacheza zaidi ya ule wa kawaida kwa kiwango ambacho mwendo wa kuja na kwenda ungetabiri. Ilivutia sana. Lakini mwaka uliofuata Simon Vaughan na wenzake wakatoa onyo ambalo kila anayetafuta jozi inabidi alibebe: diski ya shimo moja la kawaida inacheza ovyo kwa namna ambayo mabadiliko ya taratibu ni makubwa kuliko ya haraka, na ukiiangalia kwa mizunguko miwili au mitatu tu, mchezo huo wa bahati unaweza kufanana kabisa na wimbi. Ukichunguza kwasari laki mbili, chache zitaonekana zina mpangilio hata kama hamna hata moja yenye jozi. Ndo maana mimi nina imani zaidi na PKS 2131-021, iliyotangazwa mwaka 2022: mawimbi yake ya redio yalionekana kuanzia miaka ya 1970, yakapotea kwa kama miaka 20, yakarudi kwa kipindi kilekile cha miaka 4.8 na tena yakaangukia kwenye mpigo uleule wa zamani. Bahati kufanya hivyo ni ngumu. Miaka hiyo 4.8 imevutwa na kutanuka kwa ulimwengu, pale penyewe ni kama miaka miwili, na mashimo yanakadiriwa kutengana mara 2,000 ya umbali wa Dunia na Jua.

Juni 2023 ushahidi wa namna nyingine ukaja bila kuhitaji mwanga wa diski kabisa. Kundi la NANOGrav la Marekani na Kanada, sambamba na makundi ya Ulaya na India, Australia na China, walitangaza kwamba mapigo ya pulsari, yaani mabaki ya nyota yanayojizungusha na kutuma mapigo ya redio kwa mpangilio kama saa, zilizotawanyika angani yanawahi na kuchelewa kwa pamoja, kwa muundo ambao Ronald Hellings na George Downs waliutabiri mwaka 1983 kwa mawimbi ya mvutano. NANOGrav walikuwa na data ya miaka 15 na pulsari zaidi ya 60. Ni mvumo wa mawimbi yenye vipindi vya miaka, na maelezo yanayopewa uzito zaidi ni jozi nyingi sana za mashimo majitu zikivuma kwa pamoja, ingawa vyanzo vya mwanzoni mwa ulimwengu havijaondolewa mezani. Hapo gesi inarudi tena: kama gesi na nyota zinaharakisha jozi ambazo mashimo yake bado yako mbali, jozi hizo hazikai muda mrefu kwenye vipindi virefu, na mvumo unatakiwa kupungua upande huo. Data zaidi ya pulsari itaonyesha kama unapungua.

Mwisho wa safari wenyewe ulikuwa unadhaniwa kuwa wa giza. Hoja ilikuwa kwamba kuna wakati mawimbi ya mvutano yanayabana mashimo haraka kuliko diski inavyoweza kuyafuata, gesi inaachwa nyuma, chakula kinakatika. Simulesheni za karibuni zinasema mikondo inaendelea kuingia mpaka karibu kabisa na kuungana. Jozi yetu ikiungana itapoteza kama asilimia 5 ya uzito wake kwa mawimbi, ambayo ni majua milioni 10, na gesi iliyobaki inajikuta ghafla inazunguka kitu chepesi kuliko kilichokuwepo, inatanuka, inagongana. Shimo jipya linaweza pia kupigwa teke na mawimbi yenyewe, mpaka maelfu ya kilomita kwa sekunde kama mizunguko ya kila shimo juu ya mhimili wake ilikuwa imelala vibaya, kiasi cha kutoka nje ya galaksi. Gesi ikiwa nyingi inainyoosha mizunguko hiyo polepole na teke linakuwa dogo, kwa hiyo chakula cha miaka milioni kabla ndo kinachoamua kama galaksi itabaki na shimo lake.

Shirika la anga la Ulaya liliidhinisha Januari 2024 LISA, mradi wa kusikiliza mawimbi ya mvutano kutoka angani, vyombo vitatu vitakavyokaa kilomita milioni 2.5 kutoka kimoja hadi kingine, virushwe mwaka 2035 mambo yakienda sawa. Jozi za majua laki moja hadi milioni chache zitasikika humo kwa siku na wiki kabla ya kuungana, muda wa kutosha kugeuza darubini za eksirei kuelekea upande huo. Na pale shimo moja likiwa dogo sana na limezama ndani ya diski ya jingine, gesi inaweza kuacha alama kwenye mawimbi yenyewe, mapigo yakawahi au yakachelewa kidogo kulinganisha na hesabu ya mashimo mawili yaliyo peke yake. Yakiwahi, gesi ilikuwa inayasogeza. Yakichelewa, ilikuwa inayatenganisha.